Nyumba Inayofuata Motokaa

Msomaji mpenzi, bila shaka umekwisha kumwona konokono akitembea baada ya mvua, na nyumba yake mgongoni. Usiku ukimkuta popote, yuko kwake. Leo nataka kukuchukua mpaka nchi moja ya Ulaya ambako watu wamejifanyia nyumba za namna hiyo. Hawazibebi mgongoni, huzifunga nyuma ya motokaa na kuzikokota barabarani, na ndani mna vitanda, jiko, meza na choo. Sisi tuziite matrela ya kulala.

Labda utaniuliza, "Habari hizo zanihusu nini mimi mwenye jembe na ng'ombe wanne?" Subiri kidogo. Mimi nami ni mtu wa kijijini. Kazi yangu tangu ujana ni useremala, na magari ya ng'ombe niliyoyachonga huko kwetu Usukumani siwezi kuyahesabu. Mwaka jana binti ya dada yangu, aliye muuguzi huko Ujerumani ya kusini na ameolewa na Mjerumani, aliniita nikawaone watoto wake kabla macho yangu hayajaisha nguvu. Nikaenda mwezi wa Julai. Sikujua kwamba nilikuwa nakwenda kusaidia kuchagua nyumba yenye magurudumu, wala kwamba ufundi wa gari la ng'ombe ungenifaa mbali namna ile.

NCHI YENYEWE

Sehemu hiyo ya Ujerumani iko karibu na mipaka ya Uswisi na Austria. Ni nchi ya vilima na majani mabichi. Ng'ombe wake ni wa rangi ya kahawia, wenye kengele shingoni, hata asubuhi huamshwa na kengele kabla ya jogoo. Minara ya makanisa mengine ina vichwa vya mviringo kama vitunguu. Kusini, siku ya mbingu safi, milima ya Alpi huonekana na theluji juu yake. Nami niliyeuona Kilimanjaro mara moja tu, kutoka katika basi, nilisimama nikaitazama kama mtoto.

Katika nchi hiyo ndogo matrela ya kulala ni kama baiskeli kwetu. Utayaona yamesimama uani, chini ya miti, na katika mabanda ya wakulima. Sababu yake ni kwamba huko ndiko wanakoyaunda. Katika mji wa Bad Waldsee iko nyumba ya makumbusho ya Erwin Hymer, iliyofunguliwa mwaka 2011, nayo imejaa matrela na magari ya kulala ya zamani. Mpwa wangu alinipeleka huko siku ya tatu. Akasema, "Mjomba, ukitaka kutusaidia kuchagua, kwanza ujue chanzo chake."

ALIYETAKA KWENDA NA MKEWE

Chanzo hicho kilinipendeza, nami nakusimulia.

Si mbali sana na hapo uko mji mdogo wa Isny. Humo alikaa bwana mmoja, jina lake Arist Dethleffs. Jamaa yake walikuwa na kiwanda cha kutengeneza mijeledi na fimbo za watu watelezao juu ya theluji. Arist alikuwa akizunguka nchi kuuza bidhaa hizo, na safari zake zilikuwa ndefu. Bibi Fridel, ambaye alikuwa mchoraji wa picha, hakutaka kubaki peke yake nyumbani. Alitaka kufuatana naye, tena apate mahali pa kuchorea njiani. Basi mwaka 1931 Arist akajenga kijumba juu ya magurudumu, akakifunga nyuma ya motokaa yake, wakaenda pamoja. Akakiita kwa Kijerumani "Wohnauto", maana yake motokaa ya kukaa. Hicho huhesabiwa kuwa trela la kulala la kwanza la Ujerumani. Baadaye watu wakaanza kutaka la namna ile, na kiwanda cha mijeledi kikageuka kuwa kiwanda cha matrela. Kampuni yenye jina lake ingali Isny hata leo.

Waingereza walimtangulia, ila kwa farasi. Mwaka 1885 daktari mmoja aliyekuwa zamani katika manowari, Gordon Stables, alijengewa gari kubwa la mbao, akaliita "Wanderer", yaani Mtembezi. Uzito wake ulikuwa karibu tani 2, na lilikokotwa na farasi wawili. Akaenda nalo kutoka kusini ya Uingereza mpaka Inverness, mbali huko Skotlandi. Mtumishi wake alitangulia mbele juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, kuwaonya watu kwamba nyumba inakuja.

Na katika Bad Waldsee yenyewe, mwaka 1957, Erwin Hymer alishirikiana na mhandisi Erich Bachem kuunda trela dogo jepesi. Paa lake huinuliwa wakati wa kukaa na kushushwa wakati wa kusafiri, ili upepo usilipige sana. Tazama basi: yule daktari alikokotesha tani 2, na hawa walikuwa wakitafuta namna ya kupunguza kila kilo. Shika neno hilo, maana ndilo litakaloturudia mpaka mwisho.

HAJA YA NYUMBANI KWAO

Mpwa wangu na bwana wake wana watoto watatu: kijana wa miaka 17, binti wa miaka 12, na kitindamimba wa miaka 8. Mwezi wa Septemba kijana mkubwa alikuwa aende Hamburg, upande wa pili kabisa wa nchi, kujifunza ufundi wa kuunda meli. Kwa hiyo likizo ile ya wiki 6 ilikuwa ya mwisho kwa wote watano kukaa pamoja. Wazazi walikuwa wameweka akiba miaka minne ili wanunue trela. Jipya la kiasi huuzwa yuro 20,000 na zaidi, nazo hawakuwa nazo; basi walitafuta lililokwisha kutumika. Muda uliobaki ulikuwa wiki mbili.

Haraka ya namna hiyo unaijua, msomaji. Ndiyo haraka ya mtu anayetafuta ng'ombe wa kulimia mvua zimekwisha kunyesha. Mnadani wote humwona usoni.

MWULIZE KWANZA ANAYEVUTA

Jioni ya kwanza mkwe wetu alitandaza mezani picha za matrela. Lake alilolipenda lilikuwa na vitanda sita na madirisha makubwa. Nikamwuliza, "Motokaa yako yaweza kukokota kiasi gani?" Akanyamaza. Mpwa wangu akaenda akaleta karatasi ya motokaa.

Huko kwao kila motokaa ina hati, na katika hati hiyo mna mstari ulioandikwa O.1. Mstari huo hueleza uzito wa trela lenye breki ambao motokaa imeruhusiwa kuvuta. Yao iliandikwa kilo 1,500. Wakafurahi. Lakini yako na maneno ya leseni. Leseni ya kawaida huko Ulaya, daraja la B, huruhusu motokaa na trela zito, zikijumlishwa kwa uzito wao wa juu ulioandikwa, zisipite kilo 3,500. Motokaa yao iliandikwa 2,100. Toa 2,100 katika 3,500: zimebaki 1,400. Basi trela lao lisingeweza kupita kilo 1,400, hata kama motokaa ina nguvu kuliko hapo. Mwenye kutaka kufika kilo 4,250 huhudhuria mafunzo ya saa 7 hivi, naye huandikiwa katika leseni yake. Lakini kwa wiki mbili zile nafasi ya mafunzo haikupatikana.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, nayo ni ya kale kuliko motokaa. Gari la ng'ombe huchongwa kwa kipimo cha ng'ombe ulio nao. Ukichonga kwa kipimo cha ng'ombe unaowatamani, utalikokota mwenyewe.

HESABU YA VITU VIDOGO

Siku ya pili tukaenda kuliona trela la kwanza. Juu ya kibati chake paliandikwa uzito wa juu kilo 1,400. Mkwe wetu akapiga makofi. Nikauliza, "Na likiwa tupu?" Mwenyewe akajibu kwamba tupu lina kilo 1,200. Basi mzigo unaoruhusiwa ulikuwa kilo 200 tu.

Tuliporudi, binti wa miaka 12 akashika kalamu, sisi tukamtajia vitu. Mitungi 2 ya gesi iliyojaa, kila mmoja wa gesi kilo 11 pamoja na chuma chake, yapata kilo 45. Maji lita 40, kilo 40, maana lita ya maji ni kilo. Hema la kuungwa ubavuni, kilo 30. Baiskeli 5, kila moja kilo 15, jumla 75. Binti akajumlisha: 190. Akainua uso akasema, "Babu, zimebaki kilo kumi, na bado hatujatia nguo, sufuria, chakula wala mablanketi ya watu watano."

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nami naongeza ya kwamba hata mzigo wako mwenyewe ni kanda la usufi mpaka uupime.

TRELA LILILONG'AA

Siku ya sita mkwe wetu alirudi nyumbani akiwa na furaha kubwa. Amesikia trela linauzwa uani kwa mzee mmoja wa kijiji jirani, bei nusu ya mengine. Tukaenda wote.

Kweli lilikuwa zuri. Ubavu wake ulikuwa umepakwa nta, unang'aa kama sahani. Watoto wakaingia mbio. Kitindamimba akapanda kitanda cha juu, akasema hashuki tena. Hata kijana mkubwa, ambaye siku zile hakuwa mtu wa maneno mengi, akajilaza kitandani, akanyosha miguu yake mirefu, nayo ikaenea. Mama yake akamtazama, kisha akageuka upande. Baba yake akatia mkono mfukoni, ambamo mlikuwa na bahasha ya malipo ya kwanza.

Wajua, msomaji, pua ya seremala haistaafu. Mimi nilipoingia nilisikia harufu ninayoifahamu, harufu ya ubao uliolala na maji. Nikainua godoro la kona ya nyuma, nikabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Ukabonyea kama andazi.

Yafaa nikueleze jinsi kuta hizo zilivyo. Katika matrela mengi ya zamani, nje ni bati jembamba la aluminiamu, ndani ni ubao mwembamba wenye karatasi ya mapambo, na katikati ni fito za mbao pamoja na kitu chepesi cha kuzuia baridi. Mahali mabati yanapoungana, na penye madirisha na taa, hutiwa gundi ya kuzuia maji. Gundi ikizeeka, maji huingia tone kwa tone, nayo hayaonekani. Fito huoza ndani kwa ndani, na nje bado panang'aa. Basi anayenunua trela la zamani na abonyeze kila kona, afungue kila kabati, anuse chini ya kila godoro, tena aende siku ya mvua au kesho yake. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Mzee mwenye trela alipoona kidole changu kimeingia, uso ukambadilika. Sisemi kwamba alitaka kutudanganya. Mkewe alikuwa amefariki, na trela lilikuwa limesimama miaka minne bila kufunguliwa.

Mkwe wetu akasema, "Mjomba, wewe ni seremala. Tutatengeneza." Nikamjibu, "Kazi ya mwezi mzima. Nawe una siku nane." Hapo mpwa wangu, aliyekuwa akisoma kibati mlangoni, akasema, "Tena limeandikwa kilo 1,600." Mumewe akasema, "Tutapakia vitu vichache. Nani atalipima barabarani?"

Mpwa wangu si mtu wa kupandisha sauti. Akasema polepole, "Kwa leseni yako huhesabiwa uzito ulioandikwa, hata ukilivuta tupu. Na kuhusu kupimwa, mimi ndiye ninayewapokea watu usiku wakiletwa kutoka barabarani. Sijaona hata mmoja aliyekusudia."

Hakuna aliyesema neno. Bahasha ikarudi mfukoni. Tukamshukuru yule mzee, tukaondoka, na motokaa nzima ikawa kimya. Kitindamimba alikuwa akilia bila sauti. Tulipokaribia nyumbani kijana mkubwa akasema, macho yake dirishani, "Baba, chukueni dogo. Mimi nitalala katika hema, kando yenu."

MTI WA MBELE WA GARI

Wakalipata siku ya kumi. Lilikuwa dogo, mapazia yake yamechujuka, na meza yake imekatwakatwa kwa kisu na watoto wa watu wengine. Uzito wa juu kilo 1,200, tupu kilo 900. Mzigo kilo 300. Lilikuwa na vitanda vinne: cha wazazi, na viwili vya kupandana vya watoto, na meza ambayo hushushwa ikawa kitanda kidogo. Nikabonyeza kila kona mpaka kidole kikauma. Kukavu kote.

Yako mambo mengine tuliyoyatazama, nami nakuandikia upesi. Matairi ya trela huharibika kwa umri kuliko kwa mwendo, kwa sababu husimama sana. Ubavuni mwa tairi zimepigwa tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2316, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, nalo limekwisha kuzeeka hata kama kashata zake ni nzima. Pia uone cheti cha ukaguzi wa gesi, ambao hufanywa kila miaka miwili. Na uone breki. Breki za matrela haya huamshwa na trela lenyewe: motokaa ikipunguza mwendo, trela husukuma mbele, na msukumo huo huvuta waya wa breki. Waya ukiwa na kutu, trela halishikiki.

Sasa tufike kwenye kupakia, mahali nilipokuwa mwalimu, nao wanafunzi. Wewe mwenye gari la ng'ombe unajua: ukirundika magunia nyuma ya magurudumu, mti wa mbele huinuka, na nira huwakaba ng'ombe koo. Ukiyarundika yote mbele, nira huwaelemea shingoni. Shehena njema hukaa juu ya magurudumu, ikilalia mbele kidogo tu. Trela ni vivyo hivyo. Kichwa chake hukaa juu ya mpira wa chuma ulio nyuma ya motokaa, nacho lazima kiulalie kwa uzito fulani. Motokaa yao iliruhusu kilo 80, zisipite. Kikiwa chepesi mno, trela huanza kupunga mkia barabarani, kushoto na kulia, na dereva asipopunguza mwendo mapema hulipindua pamoja na motokaa yake. Kwa hiyo vitu vizito huwekwa chini, juu ya magurudumu. Vyepesi ndivyo huwekwa katika makabati ya juu.

Tukapima kwa mizani ya kupimia watu. Nikakata kipande cha mti, tukakisimamisha juu ya mizani chini ya kichwa cha trela, tukalishusha taratibu. Mara ya kwanza ikaonyesha kilo 38. Tukahamisha mitungi ya maji mbele. Mara ya tatu ikasimama kwenye 74. Mkwe wetu akanipa mkono.

Sheria nyingine za huko nilizipenda. Trela likiwa njiani, mtu haruhusiwi kukaa ndani yake, hata mtoto akiwa na usingizi namna gani. Mwendo wake ni kilomita 80 kwa saa. Wenye kibali maalum hufikia 100 katika barabara kuu. Tena trela lililofunguliwa toka motokaa haliruhusiwi kusimama barabarani zaidi ya wiki mbili. Kwa hiyo kabla ya kununua waliuliza litalala wapi wakati wa baridi, na mkulima mmoja akawapangisha nafasi katika banda lake la majani.

YALIFIKA HATA AFRIKA

Usidhani kwamba matrela haya hayajaikanyaga nchi yetu ya Afrika. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, aliyeanzisha kampuni ya matrela ya Airstream yaliyofunikwa kwa aluminiamu, aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town. Wakapita Kongo, Uganda, Kenya na Uhabeshi, ambako Mfalme Haile Selassie aliwapokea, na mwaka 1960 wakafika Misri, wakayapanga matrela karibu na piramidi. Katika matope na mawe ya barabara za siku zile wengi walikwama na vyuma vyao vikavunjika. Hapo hapakuwa na faida ya kung'aa. Kilichowafikisha ni magari yenye nguvu ya kutosha mbele, na mafundi waliojua kutengeneza njiani.

KARAMU YA MEZA NDOGO

Walipoondoka kwenda Ziwa la Bodensee mimi nilibaki, maana viti vya motokaa vilikuwa vitano. Jumapili nikapanda treni, nikawafuata. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Mapembeni mwa kiwanja cha kambi nikaliona trela lao dogo katikati ya mengine makubwa, na ubavuni mwake hema la kijana, nalo limelowa.

Nilipofungua mlango niliwakuta wote watano wamebanana kwenye meza iliyokatwakatwa, magoti kwa magoti, wakila viazi. Wakasogea, nikapata nafasi ya sita, nusu yangu juu ya kiti na nusu hewani. Mpwa wangu akaniambia kwamba usiku ule hema liliingia maji, na kijana akagonga mlango saa nane, akalala chini sakafuni, kati ya kitanda cha wazazi wake na vitanda vya wadogo zake. "Ikawa yeyote akitaka kwenda chooni lazima amruke," akasema, akacheka mpaka akajifuta macho. Kijana naye akacheka. Nikawaza kwamba katika lile trela kubwa asingalilala sakafuni kati yao.

Basi, msomaji, huenda hutanunua trela la kulala maisha yako yote. Lakini utanunua gari la ng'ombe, au pikipiki ya mkononi, au utajenga banda. Siku hiyo ikifika, fanya kama tulivyofanya. Mwulize kwanza anayevuta. Hesabu mzigo kwa kalamu, na mtoto anayejua kujumlisha awe karibu. Bonyeza kona kabla ya kutoa bahasha. Na bibi wa nyumba akisoma kibati mlangoni, msikilize.

Kijana amekwisha kwenda Hamburg. Trela liko katika banda la mkulima, limefunikwa turubai, linangoja mwezi wa Julai. Mpwa wangu ameniandikia kwamba kitindamimba amekwisha kuuliza kama kaka yake atapata ruhusa ya wiki moja, na kama lile hema limezibwa. Nimemjibu wasilizibe upesi.